Swali la Tatu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeanza saa nane mchana, sasa ni usiku,
na bati la nyumba ya mwalimu linajisemea lenyewe.
Nina jiko la mkaa, chai ya rangi, kalamu nyekundu,
na karatasi arobaini na mbili za kidato cha tatu.

Swali la tatu: Fafanua migogoro minne
katika hadithi uliyoisoma. Alama ishirini.
Mwongozo uko mezani, nimeuandika mwenyewe:
mtu na mtu, mtu na jamii,
mtu na mazingira, mtu na nafsi yake.
Kila hoja alama tano. Hesabu ya dukani.

Thelathini na tisa wamejibu nilivyowakaririsha.
Migogoro imepanga foleni kama ndoo bombani,
hakuna hata mmoja unaovuja.

Kisha Subilaga Mwaisumo.
Hadithi hakuigusa. Ameanza hivi:
"Mwalimu, mpakani kwetu kuna mparachichi."

Bibi yake aliupanda. Miaka ile
matunda yalikuwa ya nguruwe,
na baba yake na baba mdogo Asumwisye
walikaa chini yake wakinoa miundu kwa jiwe moja.
Ndipo likaja gari la mnunuzi, na mizani, na kreti za buluu.
"Siku hiyo," ameandika, "mti ukaota upande."

"Baba hapigi kelele.
Akikasirika anafunga kifungo cha juu cha shati.
Mama akikasirika anamenya ndizi upesi upesi,
na sisi watoto tukisikia kisu
tunajua leo hakuna kuomba hela ya daftari."

Nikaweka kalamu chini.
Miaka kumi na moja nafundisha hasira
kwa maana ya kamusi,
na mtoto huyu ameifunga kwa kifungo kimoja.

Ukurasa wa pili wino umechuruzika.
Mvua ya njiani, au kitu kingine. Sitauliza.
Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na kamba ya kupimia,
kamba ikapita katikati ya shina, sawasawa,
watu wote wakacheka, kasoro wawili.

"Jumapili alfajiri tulikuta kreti mlangoni.
Imejaa, imefunikwa jani la mgomba,
kingo zimekunjwa ndani
kama baba mdogo anavyofunika maziwa.
Baba akaitazama.
Akasema, Haya bado hayajaiva.
Akaibeba kuiingiza ndani kwa mikono miwili,
na kreti ya namna hiyo huwa anaitupa begani."

Basi. Hakuna hitimisho.
Nimegeuza karatasi, nyuma ni mistari mitupu.

Nimeuliza mwongozo wangu kreti hii niiweke wapi.
Mtu na nani, pale mlangoni?
Aligombana na ndugu, au na mikono yake,
au na lile jani lililokunjwa vile?
Katika hadithi tunazosoma darasani watu hupatana
kwa machozi, kwa jogoo kuchinjwa, kwa hotuba.
Hapa kimesemwa kitu kimoja tu
na kilihusu matunda.

Kaka yangu Lwitiko yuko Uyole,
nauli ya kwenda haifiki bei ya kilo ya nyama.
Tangu matanga ya mama hatujasemezana.
Sababu ni cherehani.
Wala hakuna kati yetu anayejua kutunga uzi sindanoni.
Hiyo ningeiita hoja ya ngapi?

Sheria iko wazi: hakujibu swali, sifuri.
Nimeandika pembeni, kwa herufi ndogo,
"Je, yaliiva?"
Nafasi ya alama nimeiacha.

Zimebaki karatasi mbili. Makaa yamevaa majivu.
Simu ina chaji kidogo, natafuta herufi L,
kidole kimesimama juu ya jina.
Sina hotuba. Labda nitauliza tu
kama na huko kunanyesha.